Nihari ya ng'ombe haipikwi kwa haraka

Nihari imetokana na neno lile lile la Kiarabu ambalo sisi tunalo kama nahari, yaani mchana. Ni mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe wa Delhi na Lucknow, miji ya India, uliokuwa ukikesha jikoni na kuliwa baada ya sala ya alfajiri. Baada ya India kugawanywa mwaka 1947, wahamiaji kutoka Delhi waliupeleka Karachi, Pakistan, na huko umekuwa chakula cha mji mzima.

Anzia kwenye bucha. Omba muundi, kilo 1, vipande vikubwa kama ngumi ya mtoto, na kano zake zibaki. Nyama laini isiyo na kano ni hasara hapa: ikikaa motoni muda mrefu hukauka na kuwa nyuzinyuzi. Kano za muundi huyeyuka zikawa ute, na ndizo zinazofanya mchuzi unate midomoni. Ongeza nusu kilo ya mifupa yenye uboho.

Viungo vya kusaga: shamari vijiko 2 vikubwa, uzile na giligilani kavu kijiko 1 kikubwa kila kimoja, iliki 8, iliki nyeusi 3, karafuu 8, pilipili manga kijiko 1 cha chai, mdalasini wa sentimita 5, basibasi kipande, robo ya kungumanga, na pipali (pilipili ndefu) 3 ukizipata kwa wauza viungo wa Kihindi. Vipashe moto kwenye kikaango kikavu dakika 1 tu, visage, kisha changanya na kijiko 1 kikubwa cha tangawizi kavu ya unga, vijiko 2 vikubwa vya pilipili nyekundu ya Kashmiri ya unga, isiyo kali sana, na nusu kijiko cha chai cha manjano. Shamari na tangawizi kavu ndizo zinazoitambulisha nihari. Ukizipunguza utapata mchuzi wa nyama wa kawaida. Nyanya usitie kabisa. Ukitumia masala ya pakiti, onja kabla ya kutia chumvi, maana nyingi zina chumvi tayari.

Kaanga vitunguu 2 kwenye samli kikombe kimoja kasorobo hadi viwe vya dhahabu, vitoe, uviweke kando. Kwenye samli hiyo tia nyama, na vijiko 2 vikubwa vya tangawizi mbichi na saumu vilivyotwangwa. Kaanga dakika 10, maji yake yakauke. Punguza moto, nyunyiza viungo pamoja na maji kidogo, koroga dakika 1. Hapa wengi huharibu: pilipili ikiungua, uchungu wake hautoki tena. Mimina maji ya moto lita 2, chumvi kijiko 1 cha chai, na nusu ya mifupa. Yakichemka, engua povu.

Sasa shusha moto hadi viputo viwe vinapanda juu kimoja kimoja. Kwa jiko la mkaa, acha makaa machache yaliyofunikwa majivu. Mchuzi ukichemka kwa nguvu, mafuta husagika ndani ya maji na hayapandi tena juu, nayo nyama huvurugika kabla kano hazijalainika. Ziba ukingo wa mfuniko kwa kamba ya unga uliokandwa, uache saa 4. Fungua, tia mifupa iliyobaki, funika saa 2 nyingine. Mifupa ya kwanza itakuwa imeutoa uboho wote kwenye mchuzi. Hii ya pili ndiyo ya kugongea kwenye sahani ili uboho utoke. Sufuria ya presha huilainisha nyama kwa saa moja na ushei, lakini mchuzi wake huwa mwepesi na viungo havijashikana.

Kabla ya kutia unga, engua mafuta mekundu yaliyoelea na uyahifadhi kwenye bakuli. Usipofanya hivyo unga utayanywa yote. Kaanga vijiko 6 vikubwa vya unga wa atta (ngano isiyokobolewa) bila mafuta, dakika 5 hivi, hadi unukie kama karanga. Ukipoa, ukoroge na kikombe kimoja na nusu cha maji baridi, uchuje, umimine kidogo kidogo huku mkono mwingine ukikoroga. Ukiumimina wote kwa mkupuo utapata madonge. Acha utokote dakika 30, kwa sababu unga usioiva huacha ladha ya vumbi ulimini. Epua ukiwa mwepesi kuliko unavyotaka: ukipoa hukaza.

Rudisha mafuta mekundu juu ya kila bakuli. Weka mezani vitunguu vya kukaanga, tangawizi iliyokatwa vijiti vyembamba, pilipili mbichi, kotmiri na ndimu. Ndimu si pambo. Ndiyo inayokata mafuta. Kwao huliwa na naan. Mkate wa mofa unaifaa vizuri sana. Kilichobaki kitie friji kikishapoa, na kesho ukipashe moto na maji nusu kikombe.