Kusomea saikolojia tiba ili kuwahudumia Walatino: uliza kwanza nani atakusimamia kwa Kihispania

SWALI: Ninaishi Houston. Nina shahada ya kwanza ya saikolojia kutoka Tanzania, na kwa miaka minne nimefanya kazi katika kituo cha huduma za familia ambako wateja wengi ni Walatino. Kihispania nimekiokota kazini na tunaelewana vizuri. Nataka kusoma hadi uzamivu wa saikolojia tiba niwahudumie kwa lugha yao. Nitazame nini ninapochagua programu, na je, Kihispania changu kinatosha? – F.M.

JIBU: Ndugu F.M., Kihispania chako kinatosha kukufikisha mlangoni. Kutibu kwa lugha hiyo kunahitaji zaidi, na programu nyingi hazitakupa hicho cha zaidi usipokidai mapema.

Tuanze na ithibati, maana hapo ndipo waombaji wengi hujiridhisha haraka. Programu yenye ithibati ya Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, APA, hulazimika kumjenga mwanafunzi katika stadi tisa, zikiwemo utafiti, maadili na sheria, tofauti za watu na tamaduni, upimaji, tiba na usimamizi. Kutibu kwa lugha mbili hakumo kama stadi inayojitegemea. Kwa hiyo chuo kinaweza kuwa na ithibati kamili, kikapamba tovuti yake kwa picha za familia za Kilatino, nawe ukahitimu bila kusimamiwa hata saa moja kwa Kihispania. Ithibati usiiache, kwa sababu bila hiyo utarajali na leseni huwa safari ndefu mno. Ila ichukulie kama sharti la kuingia kwenye orodha yako, halafu uanze kuchuja.

Chujio ni usimamizi. Uchunguzi wa APA wa katikati ya miaka ya 2010 ulionyesha kuwa asilimia 5.5 tu ya wanasaikolojia wa Marekani waliweza kutoa huduma kwa Kihispania, ilhali sensa ya 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1. Maana yake kwako ni kwamba wasimamizi wa lugha hii ni adimu kuliko wanafunzi wanaoitaka. Ndipo hutokea hali hii: mwanafunzi anamwona mteja kwa Kihispania dakika hamsini, kisha anamsimulia msimamizi kwa Kiingereza kile anachokumbuka. Msimamizi anapata muhtasari uliokwisha kuchujwa. Hasikii kwamba mteja alianza na «usted», «wewe» ya heshima, akahamia «tú», «wewe» ya ukaribu, alipomtaja mumewe, wala kwamba aliruka kwenda Kiingereza pale tu alipofika kwenye tukio la kubakwa. Makosa ya mwanafunzi nayo yanafutika ndani ya tafsiri yake mwenyewe, hivyo hakuna wa kumsahihisha. Usimamizi unaofaa ni ule ambao rekodi ya kikao inasikilizwa katika lugha iliyotumika, na mjadala pia unafanyika kwa lugha hiyo angalau kwa sehemu ya saa za kila wiki.

Waandikie wakurugenzi wa mafunzo uwaulize mambo yanayojibika kwa idadi na majina. Ni walimu wangapi wenye leseni wanaosimamia kwa Kihispania, na wapo kwa ajira ya kudumu au ni wageni wa muhula? Ni kozi zipi zinafundishwa kwa Kihispania chenyewe, mbali na zile zinazozungumzia Walatino kwa Kiingereza? Kliniki ya chuo inaandika kumbukumbu za kikao kwa lugha gani? Ujuzi wa lugha unapimwa vipi mwanzoni na mwishoni? Wengine hutumia usaili wa mazungumzo wa ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ambao hukuweka kwenye ngazi kuanzia ya anayeanza hadi ya umahiri, na unaweza kuufanya sasa hivi kwa gharama yako ili ujue uliposimama.

Kuhusu mahali pa kuanzia kutafuta: Puerto Rico ndiko tiba na ufundishaji wenyewe hufanyika kwa Kihispania. Chuo Kikuu cha Puerto Rico, Río Piedras, kina uzamivu wa saikolojia. Chuo Kikuu cha Carlos Albizu, kilichoanzishwa San Juan mwaka 1966, na Ponce Health Sciences University vina njia zote mbili za uzamivu, PhD inayoegemea utafiti na PsyD inayoegemea utendaji wa kliniki, na Albizu ina kampasi Miami pia. Huko Texas, Our Lady of the Lake University ya San Antonio ina cheti maalumu cha huduma kwa wazungumzaji wa Kihispania ndani ya PsyD yake. Hiyo ni ya saikolojia ya ushauri nasaha, si saikolojia tiba, lakini leseni ya mwanasaikolojia mwishoni ni ileile, kwa hiyo jina lisikuzuie. Massachusetts kuna William James College yenye mkondo wa afya ya akili ya Walatino. Kagua ithibati ya kila shahada peke yake kwenye orodha ya APA, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na programu yenye ithibati na nyingine isiyo nayo.

Sasa lugha yenyewe. Kihispania cha kazini ulichonacho kinamudu anwani, miadi, bima, watoto na shule. Kliniki inataka maneno ya ndani, na hayo hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Kwa Mhispania wa Madrid «coraje» ni ujasiri. Kwa Mmexico au Mpuertoriko anayesema «me da coraje», hiyo ni hasira. «Pena» ni huzuni huko Uhispania, lakini kwa watu wa Mexico, Amerika ya Kati na Kolombia «me da pena» mara nyingi ni kuona haya. Ukiandika huzuni pale mama alipokuambia anaona aibu, umeanza kutibu sonona isiyokuwepo na umeiacha aibu ambayo ndiyo mzigo. Sisi tunaojua umbali uliopo kati ya kuumwa moyo na kuumia moyoni hatupaswi kushangazwa na hili, ila tukiwa katika lugha ya kujifunza tunalisahau upesi.

Kuna pia suala la mteja mwenyewe kuwa na lugha mbili. Mwaka 1970 daktari wa akili Del Castillo aliripoti wagonjwa walioonekana waziwazi kuwa na saikosisi, yaani kupoteza mguso na uhalisia, walipohojiwa kwa Kihispania na kuonekana nafuu kwa Kiingereza. Miaka mitatu baadaye Marcos na wenzake wakapata kinyume chake: wagonjwa walewale wa skizofrenia walipewa alama za ugonjwa mkubwa zaidi walipohojiwa kwa Kiingereza. Matokeo haya yanaonekana kugongana hadi utazame anayepima anatazama nini. Mtu anayetafuta maneno katika lugha ya pili husitasita, hujibu kwa ufupi, sauti yake hufifia, na haya yote hufanana na dalili. Wakati huohuo jitihada ileile ya kupanga maneno inaweza kuzuia mawazo yaliyovurugika yasitoke. Kwa hiyo usaili wa kwanza uwe na historia ya lugha: alisema nini na mama yake, alisoma kwa lugha gani, tukio lenyewe lilitokea kwa lugha gani, anaomba Mungu na kugombana kwa lugha ipi. Kisha andika kwenye faili lugha iliyotumika katika kila kikao. Ni mstari mmoja tu, na mara nyingi haumo.

Zipo dhana ambazo hazina ugonjwa mmoja wa kulingana nazo. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotoka 2013, inazitaja «ataque de nervios» (shambulio la neva), «nervios» (neva dhaifu) na «susto» (mshtuko wa hofu). Anayepatwa na ataque anaweza kupiga kelele, kulia, kutetemeka, kuhisi joto likipanda kifuani na wakati mwingine kuanguka, mara nyingi baada ya msiba au ugomvi wa familia. Ukiigeuza moja kwa moja kuwa shambulio la hofu, unakosa kichocheo, kwani shambulio la hofu linaweza kuja bila sababu inayoonekana na kiini chake ni woga. Humohumo DSM-5 mna usaili wa kiutamaduni wa maswali 16. Uzoee kwa Kihispania mpaka usisikike kama fomu.

Upimaji ndipo madhara makubwa zaidi yametokea, nami nakuomba usichague programu inayoupita kijuujuu. Tangu 1934 mtaalamu wa elimu George I. Sánchez alikuwa akionya kuhusu kuwapima akili watoto wenye lugha mbili kwa vipimo visivyowafaa. Hata hivyo ilibidi kesi ya Diana huko California, iliyomalizika kwa makubaliano mwaka 1970, ionyeshe jinsi watoto tisa wenye asili ya Mexico walivyopimwa kwa Kiingereza na kuwekwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa upya kwa Kihispania, wengi wao hawakustahili kuwa humo.

Kosa la upande wa pili linajulikana kidogo zaidi. Kipimo cha EIWA cha 1968, toleo la Kihispania la kipimo cha akili cha Wechsler cha watu wazima lililosanifiwa Puerto Rico, kilitoa alama za juu kupita kiasi kikilinganishwa na cha Kiingereza. Mtu mwenye upungufu wa kweli aliweza kuonekana wa kawaida, na kwa matokeo hayo akakosa huduma aliyostahili. Toleo jipya, EIWA-III, lilitoka 2008.

Kwa hiyo kila unaposhika kipimo cha Kihispania, fungua mwongozo usome sampuli ya viwango vya ulinganisho ilitoka wapi. WISC-V ya Kihispania, kipimo cha akili cha Wechsler cha watoto, iliandaliwa kwa watoto wazungumzaji wa Kihispania walio Marekani. Batería IV Woodcock-Muñoz hupima uwezo na mafanikio ya masomo. Vya watu wazima vina viwango vya Mexico, vya Uhispania au vya Puerto Rico, na mkulima wa Guatemala aliyesoma miaka mitatu hayumo vizuri katika chochote kati ya hivyo. Kutafsiri maswali papo hapo mezani ni marufuku ya kweli: ugumu wa swali hubadilika, na alama unayoandika haina tena cha kulinganishwa nacho. Ikibidi mkalimani, awe aliyefunzwa. Mtoto wa mteja kamwe. Ripoti itaje lugha, mkalimani, toleo la kipimo na mipaka ya matokeo katika aya ya mwanzo, kwa sababu hakimu au mwalimu atakayeisoma huenda asifike ukurasa wa sita.

Hatua za kiutaratibu ni rahisi kueleza. Shahada yako ya Tanzania itahitaji kutathminiwa na taasisi inayotambuliwa na vyuo unavyoomba. APA hudai angalau miaka mitatu ya masomo ya muda wote na mwaka mmoja wa utarajali. Kwa kawaida PhD huishia miaka mitano hadi saba. PhD mara nyingi husamehe ada na kutoa posho kwa kazi ya utafiti, ilhali PsyD nyingi hukulipisha, basi piga hesabu ya deni kabla ya kusaini. Nafasi za utarajali hugawiwa kwa mfumo wa APPIC, chama cha vituo vya utarajali wa saikolojia, wa kuoanisha chaguo za waombaji na za vituo, kwa awamu mbili. Hospitali za Idara ya Maveterani ni miongoni mwa watoaji wakubwa wa nafasi hizo, lakini hudai uraia wa Marekani. Ukiwa na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, idhini ya mafunzo ya vitendo ipatikane kabla ya saa ya kwanza nje ya chuo. Mtihani wa leseni, EPPP, una maswali 225, ambayo 175 ndiyo huhesabiwa, kwa saa nne na robo. Saa za kusimamiwa hutofautiana kwa jimbo; California hudai 3,000, na angalau 1,500 kati yake ziwe baada ya uzamivu.

Tangu siku ya kwanza, daftari lako la saa liwe na safu ya lugha. Litakusaidia kwenye maombi ya utarajali, na litaonyesha jambo linalowachosha wanafunzi wenzako wengi: kuitwa kila mara kutafsiri fomu, kupiga simu za kliniki nzima na kukaa kwenye vikao vya wengine, kazi isiyolipwa wala kuhesabiwa. Kubalianeni kwa maandishi mwanzoni mwa mafunzo ya vitendo ni saa ngapi za namna hiyo kwa wiki na zinapunguza nini upande mwingine.

Barua zako zikijibiwa, linganisha majibu ya swali la usimamizi kabla ya kutazama ada wala mji. Ukiambiwa «tutakutafutia mtu ukifika», omba jina la mtu huyo na siku anazokuwepo. Lisipokuja jina, toa chuo hicho kwenye orodha.