Deki ya kurekodi DVD na runinga ya HD: waya upi uchomekwe wapi?

Maswali mengi ya safari hii yanafanana. Mtu ana runinga bapa ya HD, ana king'amuzi, na deki yake ya kurekodi DVD bado nzima, lakini vyombo hivyo vitatu vimegoma kuelewana. Nimechagua sita, na nimeanza na lile linalofungua mengine.

Fundi, deki yangu ina tundu la HDMI. Nimevuta waya wa HDMI kutoka kwenye king'amuzi mpaka kwenye deki, lakini hainasi kitu. Imekufa?

Haijafa. Igeuze, umulike tochi juu ya lile tundu, utaona maandishi madogo: HDMI OUT. Hapo picha hutoka tu, haiingii. Na king'amuzi nacho hutoa tu, kwa hiyo umeunganisha mabomba mawili yanayomwaga maji, halafu unangoja moja lijae.

Deki hizi hupokea picha kwa njia za zamani: waya wa njano, S-Video, au lile tundu pana la SCART lenye pini 21 kwenye deki zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Hazikuwekewa HDMI ya kuingiza, na sababu mojawapo ni kwamba picha inayopita kwenye HDMI mara nyingi hufungwa kwa ulinzi uitwao HDCP, uliowekwa makusudi ili isinakiliwe.

Kwa hiyo tenganisha njia mbili kichwani mwako kabla hujagusa waya wowote: njia ya kutazama na njia ya kurekodi. Ya kutazama ni HDMI kutoka kwenye king'amuzi moja kwa moja hadi HDMI 1 ya runinga, bila kupitia popote. Ya kurekodi ni nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu, kutoka AV OUT ya king'amuzi hadi AV IN ya deki. Kisha deki yenyewe ipeleke HDMI yake kwenye HDMI 2 ya runinga, ili uone ulichorekodi. Ukipanga hivi, runinga inaendelea kupata HD yake safi hata deki ikiwa imezimwa.

Limebaki jambo moja ambalo watu wengi hulisahau. Kwenye rimoti ya deki, bonyeza kitufe cha INPUT mpaka ufike kwenye jina la tundu ulilochomeka: AV1, L1, L2, kadiri lilivyoandikwa. Matundu ya mbele ya deki yana namba yake tofauti na ya nyuma. Ukiona kiza, anzia hapo.

Nikirekodi kipindi cha HD, picha ninayopata haina ukali ule ule. Na menyu ya deki inasema inatoa 1080p!

Menyu haidanganyi, ila inazungumzia kinachotoka, si kilichomo kwenye diski. DVD huhifadhi picha ya pikseli (vinukta vya picha) 720 kwa 576 katika mfumo wa runinga wa PAL, au 720 kwa 480 katika NTSC. HD kamili ni 1920 kwa 1080. Piga hesabu: picha ya HD ina pikseli mara 5 ya ile ya PAL, na mara 6 ya ile ya NTSC. Deki inapoandika 1080p inanyoosha picha ndogo ijaze kioo kikubwa, na nafasi zilizobaki inazijaza kwa kukisia. Maji ya kikombe hayaongezeki kwa kumiminwa kwenye ndoo.

Hata hivyo, unaweza kupata picha bora kuliko unayoipata sasa. Kwanza, tazama kiwango cha kurekodi. Diski ya kawaida ya GB 4.7 hubeba saa 1 kwa XP, saa 2 kwa SP na saa 4 kwa LP. Ukirekodi mpira kwa LP, tazama nyasi kamera inapokimbilia goli: zinakatika vipande vya mraba. Mimi sirekodi kitu ninachokipenda chini ya SP.

Pili, kama king'amuzi na deki vyote vina S-Video, itumie badala ya waya wa njano. Waya wa njano huchanganya mwanga na rangi katika mkondo mmoja, na ndiyo maana ukisogelea kioo unaona vidoadoa vikitambaa kwenye kingo za maandishi mekundu. S-Video huvitenganisha. Ila haibebi sauti, kwa hiyo nyeupe na nyekundu zibaki zimechomekwa.

Tatu, jaribu kuiamuru deki itoe 576p (PAL) au 480p (NTSC), yaani ukubwa wa DVD yenyewe, uiachie runinga kazi ya kunyoosha. Runinga nyingine hunyoosha vizuri zaidi kuliko deki. Tazama sura ya mtu kwa njia zote mbili, uchague kwa macho yako.

Deki yangu ni ya zamani, haina HDMI. Runinga mpya haina tundu la njano, nimechomeka kwenye la kijani. Picha imekuja nyeusi na nyeupe.

Umechomeka panapostahili. Runinga nyingi mpya hutumia tundu hilo la kijani kwa kazi mbili, na mara nyingi utaona duara la njano limelizunguka. Runinga sasa inadhani umeleta nyaya za komponenti (kijani, buluu na nyekundu), hivyo inasoma mwanga na kungoja rangi kwenye matundu mengine. Bonyeza SOURCE, chagua AV badala ya Component, rangi zitarudi.

Na kama deki ina komponenti, itumie, ni bora kuliko njano. Jihadhari tu: kutakuwa na pini nyekundu mbili, moja ya picha na moja ya sauti. Zikibadilishana, rangi huharibika na spika hutoa mngurumo.

Watu kwenye rekodi zangu wamekuwa warefu na wembamba.

King'amuzi kinatoa picha pana, 16:9, na mahali fulani njiani kuna chombo kinachodhani runinga ni ya zamani ya 4:3. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi na ya deki, weka 16:9 kote kuwili. Rekodi za zamani zilizokwisha kubanwa zirekebishe kwa kitufe cha umbo la picha kwenye rimoti ya runinga.

Nina kanda za VHS za harusi ya wazazi wangu. Naweza kuzihamisha?

Unaweza, na usikawie, kwa sababu kanda huchakaa hata ikiwa kabatini. Ipeleke mbele mpaka mwisho kisha uirudishe mwanzo, ili ilegee na ijipange upya. Chomeka video kwenye AV IN ya deki, rekodi kwa SP au XP, na ukae hapo hapo ukitazama. Picha ikianza kuruka au kuwa na mistari, simamisha, safisha kichwa cha video, anza tena. Usiitupe kanda baada ya hapo.

Halafu ifunge diski. Kwenye menyu kazi hiyo huitwa Finalize. Kuna mama aliniletea diski ya DVD-R yenye mazishi ya mumewe. Kila deki tuliyojaribu ilisema hakuna diski. Ilikuwa haijafungwa, na deki iliyoirekodi ilikuwa imeungua. Sijamsahau. Ifunge siku hiyo hiyo, kisha uijaribu kwenye deki nyingine kabla hujalala.

Kanda za filamu za kununua ni habari nyingine: nyingi zina kinga, na deki itakataa kuzinakili.

Nilitega deki irekodi saa mbili usiku. Nimekuta saa nzima ya kioo cheusi.

Deki iliwaka kwa wakati, king'amuzi kilikuwa kimelala. Deki iliyounganishwa kwa AV haibadilishi chaneli; hunasa chochote kinachoingia. Kabla ya kuondoka, acha king'amuzi kimewaka kwenye chaneli unayoitaka, zima kile kipengele cha kujizima chenyewe baada ya saa kadhaa, na kwenye ratiba ya deki andika L1 au AV1 mahali pa chaneli. Ukitaka vipindi viwili vya chaneli tofauti, tega king'amuzi nacho kihame chenyewe, kama menyu yake inaruhusu. Saa ya deki na ya king'amuzi zilingane, na uanze kurekodi dakika 5 mapema.