Mi nililala nimefungiwa chumba cha saa

Mkuu umeuliza ukubali kumkalia jamaa yako nyumba wiki nzima wakati unajua ana vituko vyake. Kubali tu, ila kabla hajaondoka mzunguke nyumba nzima, kila chumba ingia ujifungie ujaribu kutoka yeye akiwepo palepale. Usione aibu. Mi niliona aibu nikalala sakafuni.

Jamaa yangu anakusanya saa za zamani, zile za kutia ufunguo, chumba kizima zimejaa ukutani na hakuna mbili zinazokubaliana. Aliniachia maelezo kurasa nne, tatu ni za saa tu, ipi mizunguko mingapi, ipi usiiguse kabisa. Kuhusu mlango hakuna hata mstari. Usiku wa pili nikaingia kuzihudumia, simu na pochi viko jikoni, nikaurudishia mlango maana kaandika hataki vumbi. Tak. Nageuka nashika kitasa, mkono wa ndani haupo! Kuna kitundu tu cha mraba, milimita 8 hivi, pale panapopita kile chuma kinachovuta ulimi wa kitasa.

Mfukoni nina funguo za saa kama sita, nikajua nimepona. Aisee. Funguo za saa nazo mbele zina tundu la mraba, sasa tundu na tundu vinashikana wapi? Bado nawaza hilo taa ikazimika, swichi iko nje na kaifunga ya kujizima yenyewe, eti kubana matumizi.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Halafu zikaanza kugonga saa sita usiku, na kwa vile hazikubaliani hiyo saa sita iliingia kama mara tisa, ukianza kusinzia tu nyingine nayo inakumbuka.

Kulipokucha mwanga ukapita kidirisha cha juu ndo nikaona kitu ambacho ningeweza kukipapasa gizani usiku uleule: mlango unafungukia ndani, kwa hiyo bawaba ziko upande wangu. Zina pini katikati. Nikang'oa msumari ulioshika saa moja mbovu, nikauweka chini ya pini nikaugonga kwenda juu na lile pande la chuma linaloning'inia kwenye kamba ya saa, nikaanza bawaba ya chini, ya juu mwisho, ukianza ya juu mlango utakulalia. Dakika kumi nimetoka, na hapo mgongo umeshakufa.

Nikampigia. Wala hakushtuka, akasema aah mkono wa kitasa uko juu ya friji, aliutoa kwa sababu ulikuwa unatetema saa zikigonga, unamharibia kusikiliza. Halafu akauliza nimetumia pande la saa ipi.

Siku zilizobaki mlango niliuegesha ukutani na sikuurudishia hata pini moja.