Kusanya Upesi, Saini Polepole: Madai na Bima Baada ya Ajali ya Gari

Baada ya ajali, mambo mawili huenda kwa kasi tofauti. Ushahidi hupotea haraka: magari yanaondolewa, vioo vinafagiwa, shahidi anaendelea na safari yake, na kamera za majengo ya jirani hujirekodia upya juu ya picha za zamani baada ya siku au wiki chache. Hasara yenyewe hujitokeza taratibu. Shingo iliyotikiswa inaweza kuanza kuuma siku inayofuata, na chesisi iliyopinda haionekani mpaka bampa lifunguliwe. Watu wengi hufanya kinyume cha inavyotakiwa: wanapiga picha mbili za haraka, kisha wanapokea malipo ya kwanza wanayowekewa mezani.

Tuanzie barabarani. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame mapema awezavyo bila kuleta hatari nyingine, na ajitambulishe kwa wahusika wakimtaka. Kukiwa na majeruhi, anatakiwa awaarifu polisi na abaki pale, au arudi, mpaka wafike. Anaruhusiwa kuondoka akiwa anampeleka majeruhi au anakwenda kutibiwa mwenyewe. Wajibu huo upo hata ukigonga gari lililoegeshwa na mwenyewe hayupo: acha jina na anwani yako, au toa taarifa polisi. Ukikimbia, unaongeza kosa la pili ambalo mara nyingi ni zito kuliko lile la kwanza, na unaipa kampuni ya bima sababu ya kukukatalia.

Chunga ulimi wako, lakini usiwe na moyo mgumu. Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayofaa hapa. Kumwambia aliyeumia "pole" ni utu, na neno hilo peke yake si kukiri kosa. Kusema "nisamehe, sikukuona, nilikuwa nasoma ujumbe" ni kukiri kosa, na utalikuta limeandikwa katika maelezo ya shahidi. Huwezi kujua kosa ni la nani ukiwa bado unatetemeka. Pengine taa za breki za mwenzako hazikuwaka, nawe hujui.

Picha zipige kwa mpangilio. Anza mbali, kama mita 20, kutoka pande zote nne, ili zionyeshe magari yote mawili, alama za barabarani na mistari ya njia. Sogea karibu upate namba za usajili, stika ya bima na mwelekeo wa magurudumu ya mbele. Mwisho piga kila mchubuko kwa karibu, ukiweka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Usisahau alama za matairi na mahali vioo na udongo wa chini ya gari ulipodondokea, kwa sababu mara nyingi vitu hivyo huonyesha magari yaligongania wapi, yaani nani alikuwa ameingia njia ya mwenzake. Tunza faili halisi kwenye simu. Programu nyingi za ujumbe hubana picha na kuondoa taarifa za tarehe na mahali, kwa hiyo ile uliyomtumia ndugu yako si sawa na ile iliyobaki kwako. Ukiona kamera kwenye jengo, andika barua siku hiyohiyo kumwomba mwenye jengo aihifadhi picha ya muda huo, ukitaja saa na dakika.

Kwa shahidi, jina na namba ya simu vinatosha kwa kuanzia. Asiye abiria wako wala jamaa yako ana uzito mkubwa zaidi.

Kuna kishawishi cha kumalizana palepale. Kwa mkwaruzo mdogo kabisa inaweza kufaa, lakini mambo hukwama kwa namna ileile kila mara: aliyeahidi kulipa halipi nusu ya pili, au wiki moja baadaye aliyepokea anadai mgongo unamuuma. Zaidi ya hayo, mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni. Ukimalizana leo na dai kubwa likaja kesho, unaweza kulibeba peke yako. Kwa hiyo toa taarifa kwa bima yako hata kama huna nia ya kudai chochote. Muda umeandikwa ndani ya mkataba. Baadhi huhesabu saa, wengine siku. Piga simu, kisha rudia kwa maandishi, maana simu haiachi karatasi.

Katika maelezo yako andika ulichokiona na ulichokifanya tu. Kama hukutazama kipima mwendo, usiandike mwendo kwa namba. Magari mengi ya kisasa yana kifaa kinachohifadhi sekunde chache kabla ya mgongano: mwendo, breki, mkanda. Ukiandika 40 na kifaa kikasema 62, utakayepoteza kuaminika ni wewe, hata kama kosa lilikuwa la mwenzako. Hakikisha maelezo uliyoyatoa polisi na yale ya bima yanakubaliana, maana watayalinganisha.

Hapa kuna mtego tunaotaka uuelewe vizuri. Ajali moja hufungua njia tatu: kosa la barabarani, ambalo ni kati yako na dola, madai ya fidia, ambayo ni kati yako na mwenzako, na mkataba wa bima, kati yako na kampuni yako. Watu hukubali kosa na kulipa faini upesi ili yaishe. Hayaishi. Katika nchi nyingi, kukiri au kutiwa hatiani huko kunaweza kuletwa kama ushahidi katika kesi ya fidia, na faini ndogo ikafungua mlango wa deni kubwa. Kabla ya kukiri, uliza itakugharimu nini kwenye njia zile nyingine mbili.

Kosa pia hugawanywa. Ukionekana umechangia asilimia 30, sehemu nyingi fidia yako hupunguzwa kwa asilimia 30 hiyohiyo. Lakini katika majimbo machache ya Marekani, kama Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia, kuchangia hata kidogo huweza kukunyima fidia yote. Ndiyo maana mkanda ambao haukufungwa au taa isiyowaka huulizwa sana. Mwulizaji anatafuta asilimia.

Nenda hospitali siku hiyohiyo hata ukijiona mzima. Mwambie daktari kwamba ni ajali ya gari, na mtajie kila panapouma, hata kidole, kwa sababu kisichoandikwa siku ya kwanza kitaitwa cha kubuni mwezi wa pili. Pengo kati ya ajali na matibabu ya kwanza ndiyo silaha kuu ya anayekataa kulipa: "kama aliumia, mbona alikaa siku 12?" Weka risiti zote, pamoja na za usafiri wa kwenda kliniki. Kila jioni andika mistari miwili: maumivu yako wapi, na kazi gani imekushinda. Mwajiri akupe barua ya siku ulizokosa na mshahara uliokatwa.

Kuhusu gari, soma kwanza una bima gani. Ile ya mtu wa tatu huwalipa uliowaumiza au uliowaharibia mali. Gari lako mwenyewe haligusi. Bima kubwa hulitengeneza na lako, ukitoa kile kiasi cha kujilipia mwenyewe kilichotajwa kwenye mkataba. Kama gari linavutwa, uliza ada ya kulihifadhi kwa siku na ulihamishe mapema: una wajibu wa kuzuia hasara isikue, na siku zilizopita bure hutalipwa.

Usimruhusu fundi aanze kazi kabla mkadiriaji wa bima hajaliona gari. Makadirio ya kwanza hufanywa kwa macho, nje. Bampa na bodi vikifunguliwa, ndipo rejeta iliyopasuka au chesisi iliyopinda hugunduliwa. Hapo fundi asimame, apige picha, aandike makadirio ya nyongeza, na mkadiriaji arudi. Akiendelea bila idhini, nyongeza hiyo mara nyingi hukataliwa, na mzozo unakuwa wako na gereji. Kuna vitu husahauliwa kwenye orodha: mikanda ambayo vivutio vyake (vifaa vinavyoukaza mkanda wakati wa mgongano) vimefyatuka, kwani hufanya kazi mara moja tu, kiti cha mtoto, ambacho hubadilishwa baada ya mgongano mkubwa hata kikionekana kizima, na usawazishaji wa kamera ya kioo cha mbele kioo kikibadilishwa. Usishangae kukatwa kwa ajili ya uchakavu ukiwekewa kipuri kipya badala ya kilichozeeka. Dai hilo linaweza kuwa halali, lakini omba hesabu yake.

Gari likihesabiwa kuwa limeharibika kabisa, bishania thamani kwa ushahidi, siyo kwa hasira: matangazo matatu hadi matano ya magari ya mwaka uleule na kilomita zinazokaribiana, pamoja na kumbukumbu zako za sevisi. Uliza pia mabaki ya gari ni ya nani. Yakibaki kwako, thamani yake hutolewa kwenye malipo.

Sasa ile karatasi ya mwisho. Ukiona maneno "malipo kamili na ya mwisho", maana yake ni kwamba hata upasuaji ukihitajika baadaye, umekwisha kuachia haki hiyo. Omba dai la gari litenganishwe na la mwili, usaini la gari, na la mwili lingoje mpaka daktari aandike kwamba hali imetulia. Kama kuna mfupa uliovunjika, jeraha la kichwa, mtoto au kifo, usisaini bila wakili. Anayelipwa kwa asilimia ya fidia, mwulize asilimia hiyo huhesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama za kesi, na uandikiwe.

Kampuni ya bima ikikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi pamoja na namba ya kifungu cha mkataba. Sababu za kawaida ni leseni iliyokwisha muda, gari la binafsi lililobeba abiria wa kulipa, pombe na taarifa iliyochelewa. Jibu kifungu hicho tu, kwanza kwa kitengo cha malalamiko cha kampuni, kisha kwa msimamizi wa bima wa nchi. Wakati huo angalia kalenda. Uingereza, kwa mfano, kesi ya majeraha kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwingine muda ni mfupi zaidi, na kwa kawaida mazungumzo na bima hayausimamishi. Kila barua ya "tunalifanyia kazi dai lako" inakula siku zako. Ikibaki miezi sita kabla ya muda huo kwisha na hujapata jibu la maana, kabidhi faili kwa wakili afungue kesi, na mazungumzo yaendelee huko mahakamani.