Nimeitwa kwenye kampuni ya fyusheni, nami najua viyoyozi tu

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa mitambo hapa Mombasa. Niliomba nafasi ya mafunzo ya kazini ya miezi mitatu katika kampuni changa ya Marekani inayojaribu kuzalisha umeme kwa fyusheni, nao wamenitaka niandike ukurasa mmoja kuhusu kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Fizikia ya nyuklia sikuisoma zaidi ya ile ya sekondari, na kazi pekee niliyoizoea ni kumsaidia baba, fundi wa majokofu na viyoyozi huko Kongowea. Baba mwenyewe anahofia mionzi na hataki niende. Niandike nini, na mzee nimwambieje? – Msomaji, Tudor

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jibu la swali lako la kwanza limo ndani ya barua yako mwenyewe, ila umelitaja kama mtu anayeomba radhi.

Katika fyusheni inayokusudiwa na wengi, deteriamu na tritiamu, ambazo ni haidrojeni nzito, huunganishwa viini vyake vikawa heliamu, na nyutroni moja ikachomoka kwa kasi kubwa. Kwa kuwa viini hivyo husukumana, gesi hiyo haina budi kupashwa moto kupita nyuzi milioni 100, ilhali kitovu cha jua ni kama nyuzi milioni 15 tu. Gesi iliyofikia hali hiyo huitwa plazima, na katika mitambo ya aina ya tokamaki hushikiliwa na sumaku ndani ya chumba cha chuma kilichoondolewa hewa yote. Hewa kidogo tu ikipenya, plazima hupoa na kuzimika.

Hapo ndipo kazi ya mwanagenzi ilipo. Hutakabidhiwa plazima, yumkini utakabidhiwa kiungo cha bomba na kuambiwa uhakikishe hakivuji. Heliamu hupulizwa nje ya kiungo, na kifaa kilichounganishwa upande wa ndani hunusa kama chembe zake zimepita. Sasa mtazame baba yako anapofunga kiyoyozi kipya: kabla ya kufungulia gesi, huunganisha pampu, huvuta hewa na unyevu kutoka kwenye mabomba, hufunga vali, kisha hukaa akiitazama geji. Sindano ikianza kurudi, anajua pana mahali panavuja, naye hujaza naitrojeni kwa shinikizo na kupaka povu la sabuni kwenye viungo hadi aone kiputo. Vipimo vya kampuni hiyo ni vikali mara nyingi zaidi, lakini fikra ni ile ile, na wanafunzi wengi watakaoshindana nawe hawajawahi kuiona sindano hiyo ikirudi.

Ubaridi nao ni wa kwenu. Mwaka 2021 kampuni ya Commonwealth Fusion Systems pamoja na chuo cha MIT walijaribu sumaku iliyofikia tesla 20 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ambayo nyaya zake hupitisha umeme bila ukinzani zikipoozwa hadi kama nyuzi 253 chini ya sifuri. Anayejua kwa nini jokofu hupoteza ubaridi wake ana pa kuanzia.

Kwa hiyo chagua kazi moja tu na uieleze hatua kwa hatua, pamoja na kosa ulilolifanya. Aya ya ndoto ya kuiokoa dunia iache; wanaosoma maombi hayo wamekwisha kuichoka.

Kuhusu mzee, usimwambie kwamba hakuna mionzi, maana si kweli. Mwambie kwamba hapa viini huunganishwa, havipasuliwi kama katika vinu vya nyuklia vya kawaida, hivyo hakuna mfululizo wa mipasuko unaoweza kuponyoka. Hitilafu ikitokea, moto huo huzimika. Hata hivyo tritiamu ina mionzi, nusu ya kiasi chake ikichukua takriban miaka 12 kuoza, na nyutroni hukifanya chuma cha mtambo nacho kitoe mionzi. Iulize kampuni waziwazi kama imeanza kutumia tritiamu, na nani hupima mionzi wanayoipata wafanyakazi. Binafsi ningehofia zaidi umeme wa volti za juu, na naitrojeni kimiminika ambayo ikimwagika katika chumba kisicho na madirisha huifukuza oksijeni bila harufu yoyote.

Wala usiwaahidi jamaa umeme wa bei nafuu. Desemba 2022 maabara ya serikali huko California ilipata megajuli 3.15 za nishati ya fyusheni kwa kupiga fueli yake kwa leza, badala ya kuishikilia kwa sumaku, leza hizo zikiwa zimepeleka megajuli 2.05, na dunia ikashangilia. Lakini leza zenyewe zilikuwa zimevuta kama megajuli 300 kutoka kwenye gridi. Hadi leo hakuna anayeuza umeme wa fyusheni, na kampuni changa inaweza kufilisika kabla hujarudi. Ujuzi wa ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, na wa baridi utabaki nao, uutumie hata kwenye viwanda vya barafu.

Ukikubaliwa, viza inayotumika kwa mafunzo ya namna hii ni J-1, ambayo huwafaa walio bado chuoni au waliohitimu ndani ya miezi 12, kwa hiyo usiahirishe. Leo jioni mwombe baba daftari lake la kazi. Kama aliandika geji ilisoma nini siku hiyo na baada ya dakika ngapi, ziweke namba hizo katika ukurasa wako.