Usiilaumu saitoplazimu kwa kosa la kiini

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza upande mimea mingapi kwa mita ya mraba, na kama chotara moja ya rapa, zao la mbegu za mafuta, ya Ogura ukiishindanisha na moja ya Polima utajua saitoplazimu ipi ina mavuno bora. Hutajua. Ogura na Polima ni saitoplazimu mbili, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, zinazoufanya mmea mama uwe tasa, usitoe chavua, ili mbegu yake iwe chotara. Kila chotara ina wazazi wake, kwa hiyo utakuwa umepima viini viwili tofauti.

Nasema kwa uchungu kwa sababu njia hiyo nimeipita. Mtaalamu mmoja wa mbegu alituhakikishia kwamba saitoplazimu ya Ogura inajaza glukosinolati, kemikali kali, kwenye mbegu, kwa hiyo mashudu hayatafaa kwa mifugo. Tukapima chotara zetu: kweli, zilikuwa juu. Tukatupa koo zote za Ogura, kazi ya miaka. Kumbe saitoplazimu haikuhusika hata kidogo! Jeni ya Rfo, inayorudisha chavua, ilitolewa kwenye figili, na kipande cha kromosomu kilichoandamana nayo ndicho kilichobeba jeni za glukosinolati nyingi. Kimo ndani ya kiini, tena huletwa na mzazi dume. Watafiti wa INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, walikuwa wameshatengeneza ukoo wa R2000 wenye jeni hiyo na glukosinolati chache. Mtu anayelipwa kushauri hakulijua hilo, na hakutaka kuulizwa. Bado linaniudhi.

Saitoplazimu ina dosari zake za kweli. Ogura ya mwanzo, iliyotoka kwenye figili, ilikuja na kloroplasti za figili, majani yakawa manjano wakati wa baridi, hadi mtafiti Pelletier na wenzake walipounganisha protoplasti (seli zilizovuliwa kuta) na kuripoti mwaka 1983 mimea tasa yenye kloroplasti za rapa. Polima nayo utasa wake huyumba joto likibadilika: chavua kidogo inatoka, mama anajichavusha, mbegu zako si chotara tupu tena.

Basi sawazisha kiini kwanza. Tafuta ukoo mmoja unaodumisha utasa wa zote mbili, yaani ukiwachavusha mama hao watoto wanabaki tasa, chavusha mama wa Ogura na mama wa Polima kwa chavua yake, kisha rudia na ukoo huohuo kila kizazi. Baada ya marudio 6, kiini cha mama wa awali kinachobaki kwa wastani hakifiki asilimia 1. Hapo panda koo hizo mbili pamoja na ukoo wenyewe wenye chavua, uwe kipimo na uwachavushe wenzake. Rfo usiiingize kabisa kwenye jaribio hilo, na maua ya Polima yakague kila joto linapobadilika.