Wasomaji Wanauliza: Mgeni, Nyumba na Kimbunga Ufilipino

Swali: Mwenzangu wa kazini melini ni Mfilipino. Amenialika kwao Lucban, jimbo la Quezon, tarehe 15 Mei. Niingieje nyumba ya watu bila kukosea?

Jibu: Ndugu baharia, umealikwa siku njema. Hiyo ni Pahiyas, sikukuu ya Mtakatifu Isidro, msimamizi wa wakulima. Nyumba hupambwa kwa mazao na kwa kiping, vipande vyembamba vya mchele vyenye rangi, vilivyotandazwa juu ya jani halisi hadi mishipa ya jani ikabaki imechorwa.

Mlangoni vua viatu. Anza na mzee wa nyumba: sema "Mano po", upokee mkono wake, uiname, uguse paji la uso wako kwa mgongo wa mkono huo. Usiubusu. Ndiyo shikamoo yao. Hiyo *po* ni ya heshima. Ukiiacha mbele ya bibi, unasikika kama unaongea na rika lako.

Kwenye chakula ndiko wageni hujikwaa. Anayekula humwambia yeyote anayepita, "Kain tayo", tule. Ukiwa mpita njia, jibu ni "Salamat po, busog pa po ako", asante, bado nimeshiba, kisha unaendelea na safari yako. Sahani ile huenda inamtosha mwenyewe tu. Lakini mwenyeji wako akirudia mara ya pili na ya tatu, amekusudia. Keti ule, maana ukishikilia kukataa unamtia haya. Kijiko hushikwa mkono wa kulia, uma wa kushoto husukuma wali, na kisu hakihitajiki. Tambi za *pancit habhab* huja juu ya jani la mgomba, zikinyunyiziwa siki. Usitafute uma: inua jani, ule moja kwa moja kwa mdomo.

Usiende mikono mitupu. Zawadi ya msafiri huitwa *pasalubong*, nayo sharti igawike: pakiti ya biskuti 30 inafaa kuliko kitu kimoja cha thamani, kwa kuwa binamu na majirani nao watakuwepo. Ukiaga utafungiwa chakula. Kipokee.

Swali: Nimeona picha ya wanaume wakiibeba nyumba mabegani. Ni kweli?

Jibu: Kweli kabisa, na kazi hiyo huitwa *bayanihan*, msaragambo wa Kifilipino. Nyumba yenyewe ni *bahay kubo*, ya mianzi na makuti ya mnipa, iliyoinuliwa juu ya nguzo, kwa hiyo ni nyepesi. Vyombo hutolewa, mianzi mirefu hufungwa chini ya sakafu kwa urefu na kwa upana, kisha wanaume 20 au zaidi huinua kwa sauti ya kiongozi mmoja. Upande mmoja ukitangulia, viungo vilivyofungwa kwa kamba hulegea na nyumba hupinda. Malipo ni chakula tu kutoka kwa mwenye nyumba.

Swali: Wafilipino wanasifiwa kwa kustahimili vimbunga. Wamezaliwa hivyo?

Jibu: Hapana, na Wafilipino wengi wamechoshwa na sifa hiyo, kwa sababu huwapa viongozi kisingizio cha kutotimiza wajibu wao. Vimbunga kama 20 hufika eneo lao kila mwaka. Wanachokifanya ni kile kile ulichokiona mezani: anayepata anagawa. Aprili 2021, wakati wa korona, Ana Patricia Non aliweka mkokoteni wa mianzi wenye vyakula mtaa wa Maginhawa, Quezon City (jiji lililo eneo la Manila, si lile jimbo la Quezon), na kibao: toa kwa uwezo wako, chukua kwa haja yako. Ndani ya siku chache mikokoteni kama huo ilienea nchini.

Lakini moyo wa kugawana hauzuii bahari. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, wao wanakiita Yolanda, kiliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao mji wa pwani wa Tacloban na jirani zake. Onyo la bahari kufurika lilitolewa kwa maneno ya Kiingereza ambayo wengi hawakuyaelewa. Baadaye walisema wangeambiwa "tsunami" wangekimbia. Wengine walijihifadhi katika majengo imara yaliyokuwa chini mno, maji yakawafuata humo. Tangu 2015 ishara za upepo, yaani ngazi za onyo la kimbunga, zimekuwa 5 badala ya 4. Ukiwa huko na ishara namba 1 ikatangazwa, upepo wa kilomita 39 hadi 61 kwa saa unatarajiwa ndani ya saa 36: jaza maji, chaji simu. Kituo cha kujihifadhi kikitajwa, uliza kiko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, kabla hujauliza paa lake.